Mtoto Asiyemlilia Mtu

Mazinde,
6 Februari 2024

Dada Evelina,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na watoto wote mnaowalea hapo kituoni hawajambo, na baridi ya Lushoto haijawamaliza. Sisi huku bondeni tunaungua. Mvua inapita kwenye vilele vyenu tunaiona kwa macho, huku kwetu inatuma upepo tu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu siwezi. Kwanza, mkuu wenu hataki mlezi ashike simu akiwa zamu, na wewe naona zamu yako haiishi. Pili, kila nikipiga, Zakia ananinyang'anya simu aongee yeye. Hata mtu akikosea namba anaongea naye, anamuuliza amekula nini, anamwambia nakupenda. Kwa hiyo barua nampa Nikodemo, dereva wa lori la kabichi, ambaye hupita hapa akishuka na akipanda.

Huyo Zakia wetu hajambo. Tangu nimchukue kwenu kabla ya mwaka mpya hajaugua hata mafua. Anakula, analala, anacheka. Mtaa mzima unamsifu, wanasema Hadija umepata mtoto mwenye adabu, hampiti mtu bila shikamoo. Mama mkwe wangu, Bibi Zuhura, ambaye hajasifu kitu changu hata kimoja tangu niolewe, naye amemsifu. Sina la kulalamika.

Nina swali moja dogo tu. Siku ile nilipokuja kumwona mtoto wa marehemu kaka yangu kwa mara ya kwanza, alitoka mbio mwisho wa uwanja akanirukia, akaniita mama. Walikuwepo wageni wengine pale, lakini alinijia mimi. Nililia mbele za watu, wewe uliniona. Nikarudi nikamwambia mume wangu Ismaili kwamba damu imemvuta, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa mimi ni shangazi yake. Kwa neno hilo ndipo Ismaili akakubali tumchukue.

Sasa nauliza, dada. Ilikuwa damu kweli?

Jibu ukipata nafasi.

Wako,
Hadija


Kituoni, Lushoto,
17 Februari 2024

Mdogo wangu Hadija,

Marahaba. Barua yako imefika na harufu ya kabichi. Nimechelewa kujibu kwa sababu walezi wawili wameacha kazi, na wachanga wote wana kikohozi. Naandika nimekalia ndoo, nasubiri uji uchemke.

Haikuwa damu. Ningependa kukudanganya lakini nimechoka, na uongo unataka mtu mwenye nguvu.

Alikukimbilia kwa sababu ulikuwa mgeni. Hapa gari likiingia getini watoto hupangwa, huimba, kisha huachiwa. Anayekimbia mbele hubebwa, na anayebebwa hupewa biskuti na kupigwa picha. Zakia alijua kukimbilia wageni kabla hajajua kuvaa kiatu. Na mama ni jina letu sote tunaovaa aproni, wa asubuhi, wa mchana, wa usiku, aliyeajiriwa jana na atakayeacha kesho. Mtoto yule hajawahi kulazwa na kuamshwa na mtu yule yule wiki nzima. Mimi nilimpokea hajakaza hata shingo, lakini nami nilikuwa mmoja wa hao hao, naingia na kutoka.

Ila usije ukadhani ni kituo peke yake. Yupo Sabra, unamkumbuka, yule mwembamba. Waliletwa hapa juma moja, wakalala kitanda kimoja, wakala sufuria moja. Wageni wakija Sabra anaingia chini ya meza, na hata mimi ilimchukua muda mrefu kunikubali. Mwaka juzi walikuja watafiti wa chuo kikuu, watu wapole, wakawachukua watoto mate kwa vijiti vya pamba na kukaa nao siku kadhaa wakiwatazama. Walituambia kuna kitu mtoto anazaliwa nacho, na kuna hiki tunachomfanyia sisi, na viwili hivyo vinasukana mpaka huwezi kusema huu ni uzi wa nani. Malezi haya ya zamu wengine yanawapita juu juu. Wengine yanawaingia mpaka ndani, kwa jinsi walivyozaliwa. Mbegu moja ya kiazi ukiipanda Soni na ukiipanda Mazinde hutavuna sawa, na mbegu mbili ukizipanda shamba moja pia hutavuna sawa.

Umeniuliza swali dogo lakini naona una kubwa nyuma yake. Liandike.

Evelina


Kituoni, Lushoto,
9 Machi 2024

Hadija,

Sijapata barua yako, lakini Nikodemo amenisimulia habari ya Mombo. Ameniambia mtoto alipanda basi na mtu asiyemjua na mkamtafuta mpaka jua likaelekea kuzama. Kwa nini hukuniandikia? Nimekaa nayo siku nzima, nimewaogesha watoto nikiwa sijui naogesha nani.

Nakupa la kufanya, na si tamu. Kwa miezi hii awe na mkono wako tu. Umlishe wewe, umwogeshe wewe, akianguka umwinue wewe. Jirani akitaka kumbeba, kataa. Akipewa kitu na mtu, kipitie kwako. Ukienda dukani mwambie unakwenda na utarudi, na urudi kweli. Ajue kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake ndiko anakoshiba na anakolala. Wengine wote wasubiri.

Ni kazi ya kuchosha na watu hawataipenda.

Evelina


Mazinde,
22 Machi 2024

Dada Evelina,

Shikamoo. Nisamehe. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa mtamchukua. Na mimi nisingekuwa na la kusema.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa kibandani kwangu barabarani, nauza mahindi ya kuchoma. Basi dogo la Mombo likasimama, abiria wakashuka kununua maji. Nikageuka kugeuza mahindi, nilipogeuka tena mtoto hayupo. Alimshika mkono mwanamke mmoja akapanda naye. Yule mwanamke hana kosa, alidhani mama wa mtoto yuko siti za nyuma. Nilikodi pikipiki mpaka Mombo na kanga imening'inia shingoni. Nikamkuta stendi, amekaa mapajani kwa muuza machungwa, anacheka.

Aliponiona hakulia wala hakunikimbilia. Alinipungia mkono kama anavyowapungia abiria wa mabasi, akaniambia shikamoo mama, halafu akaendelea kula chungwa. Dada, nilimchapa. Nilimchapa pale pale stendi, watu wakaniamulia. Kisha nikaenda chooni nikalia. Kumbe ningeweza kufa leo, na kesho angempa shikamoo atakayefuata, na maisha yake yangeendelea.

Bibi Zuhura sasa amegeuka. Anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, mama yake alikuwa mtu wa kuzurura ndiyo maana alimwacha hospitali akapotea. Mimi nanyamaza, lakini kimoyomoyo najua si kwa mama yake. Ule moyo ni wa Mussa. Mimi niliyemzidi umri ndiye niliyembeba kaka yangu mgongoni, namjua. Alimfuata kila mtu, wachunga mbuzi, wauza samaki, hata mwendawazimu mmoja aliyekuwa akitembea na kengele. Alipokua akawa utingo wa malori, rafiki wa nchi nzima, na lori ndilo lililomuua. Lakini Mussa alipokuwa mdogo, jua likizama, alirudi. Alirudi mbio huku analia, kwa kuogopa mama atafunga mlango. Huyu haogopi mlango kufungwa. Kwake milango yote ni sawa.

Habari zako za viazi nimezisoma. Mimi ni mkulima pia, dada, kiazi hakijawahi kunitoa machozi.

Na hilo unaloniambia nifanye, umekaa kituoni miaka mingi umesahau jirani ni nini. Huku mtoto ni wa wote. Anakula nyumba yoyote, anachapwa na mtu yeyote, na ndivyo tulivyokua. Tena umeniambia mwezi wa Ramadhani! Kila magharibi sahani zinapita mlango kwa mlango na watoto nyuma yake. Jana Bibi Zuhura alimnyooshea Zakia tende. Nikaichukua mkononi mwake nikamtia mtoto mdomoni mimi. Mama mkwe akaisukuma sahani yake, akainuka.

Nitaendelea, maana sina lingine. Lakini usiniambie tena kwamba watu hawataipenda. Najua.

Wako,
Hadija


Mazinde,
14 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo, na Iddi imepita. Hatukutembea. Wamepita watoto wa mtaa wamevaa nguo mpya kuja kumchukua Zakia wakaombe sikukuu, nikawarudisha. Mama zao wamesikia. Sasa maneno ni kwamba naogopa mtoto atarogwa, yaani nawaona wao wachawi. Mwingine amesema mkataa wengi mchawi, kwa hiyo mchawi nimekuwa mimi.

Nimefunga kibanda. Namlisha, namwogesha, namlaza, namwamsha. Nikienda kisimani namwambia nakwenda na nitarudi, naye anasema haya, hanitazami hata. Nikirudi namwambia nimerudi, anasema haya. Nasema peke yangu kama redio. Ismaili anakula na kutoka.

Ukiniuliza kama kuna mabadiliko, nitakuambia hakuna. Nakuandikia tu ili nimwandikie mtu.

Hadija


Mazinde,
26 Aprili 2024

Kwa Mlezi Evelina,

Salamu nyingi. Mimi ni Ismaili, mume wa Hadija. Si mtu wa maneno mengi.

Nyumba yangu imeharibika. Mama yangu hali tena chakula kwangu. Jirani aliyetusaidia kuchimba kaburi la baba, leo tunapishana njiani hatuamkiani. Mke wangu amekonda. Anamlinda mtoto kama mtu anayelinda mwizi, na mwizi mwenyewe anacheka.

Na mtoto sina ugomvi naye. Ni mtoto mzuri. Ndiyo maana naona hata akirudi huko ataendelea kuwa mzuri. Yeye hataumia, hana anayemlilia. Tunaoumia ni sisi, na mimi ninaye mke mmoja tu.

Naomba umweleze mkuu wako, mtoto arudi kabla afisa ustawi wa jamii hajaja mwisho wa Mei kukamilisha karatasi za kutukabidhi moja kwa moja. Tafadhali usimwambie Hadija kwamba nimeandika. Nitamwambia mwenyewe nikipata mlango wa kuingilia.

Ismaili


Kituoni, Lushoto,
8 Mei 2024

Mghosi Ismaili,

Salamu. Barua yako nimeipata na nimeielewa, wala sikulaumu. Hata mimi kuna siku natamani nirudishe mtu mahali, sijui nani wala wapi.

Mkuu sijamwambia kitu. Nitakuja mwenyewe siku yangu ya mapumziko, barabara ya Soni ikiruhusu, maana mvua imeshusha udongo na magari yanapita kwa kusukumwa. Nataka nimwone mtoto kwa macho yangu kabla hatujaamua. Usifungashe nguo zake, na kwa Hadija sema tu nakuja kusalimia.

Evelina


Mazinde,
20 Mei 2024

Evelina,

Leo sikupi shikamoo. Mungu anisamehe, wewe ni mkubwa wangu, lakini haitoki.

Ulipokuja Jumamosi nilifurahi. Nilichinja kuku. Nilijiambia angalau mtu mmoja anajua ninachokifanya, amepanda na kushuka milima kwenye tope kuja kuniona. Nilimvalisha mtoto gauni la bluu. Niliona alivyokuamkia kwa mbali na kurudi kwenye vifuniko vyake vya chupa, nikaona na uso wako ulivyobadilika, nikakuonea huruma. Nikaingia jikoni kupakua.

Hukujua kwamba mlango wa jiko haufungi vizuri. Nilikuona ukiinama. Nilikusikia unamwambia, twende nikuonyeshe kitu kizuri pale barabarani. Barabarani, Evelina! Pale pale alipopandia basi. Sikungoja jibu la mtoto. Jibu lake nalijua tangu Mombo. Vyombo vilinianguka kwa kelele, nikatoka na mwiko mkononi nikamnyakua, na maneno niliyokuambia mbele ya mume wangu sitayarudia hapa, lakini siyafuti.

Ukasimama unalia, hukujitetea hata kwa neno moja. Ukavaa koti ukaondoka na wali hujaugusa. Sikukusindikiza. Kwetu hata adui husindikizwa, na mimi nilikuacha ukaenda peke yako mpaka kituo cha basi kwenye mvua. Hilo peke yake ndilo linaloniuma.

Jioni ile Ismaili akanieleza kwamba alikuandikia. Kumbe mlipanga. Yeye alete maneno, wewe ulete miguu. Alitaka kuniambia jambo jingine, nikamwambia amalizie hapo hapo, na tangu siku hiyo simsemeshi. Naongea na mtoto tu, ambaye hajali nikiongea au nisipoongea.

Afisa ustawi anakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Kama mnataka kumchukua, njooni naye mchana, watu wakiona. Sitawazuia. Nguvu zimekwisha. Ila usinitumie tena ushauri.

Hadija


Kituoni, Lushoto,
25 Mei 2024

Mdogo wangu Hadija,

Marahaba hata kama hukunipa.

Nimemwomba Nikodemo aikimbize hii ikufikie kabla ya Ijumaa. Isome mpaka mwisho, kisha uichome ukitaka.

Ni kweli mume wako aliniandikia. Mzee wa watu alidhani anakuokoa. Nami ni kweli nilikuja bila kukuambia sababu, na nilikuwa tayari, Hadija, kama ningekuta hali ni ile ile, nimwambie mkuu tumpokee. Nilikuwa nimeshamtengea kitanda. Ulikuwa umechoka kuliko mtu anavyotakiwa kuchoka, na ni mimi niliyekutwika.

Lile neno la barabarani halikuwa langu. Ni la wale watafiti. Walipokuwa hapa walimleta kijana mmoja ambaye watoto hawajawahi kumwona, akawa anasimama mlangoni na kumwambia kila mtoto peke yake, twende nikuonyeshe kitu kizuri pale nje. Hasemi lingine. Wao wanatazama mtoto atafanya nini. Mtoto wa nyumbani kwa kawaida hugeuka kumtafuta mtu wake kwanza. Sabra aliingia chini ya meza. Zakia hakuuliza hata kitu chenyewe ni nini. Alibeba viatu vyake mkononi akatoka, na kijana yule ndiye aliyebaki amesimama hajui afanye nini, maana mtoto alikuwa ameshafika getini.

Sasa kwako sikuwa na kijana, nilikuwa na mimi tu. Nilifikiri hata hivyo itafaa. Kama ataondoka na mtu yeyote, ataondoka nami upesi zaidi, mimi niliyemfundisha kutembea kwenye ule ukumbi wenye sakafu baridi. Barabarani nilipataja makusudi. Nilitaka mahali anapopapenda.

Kulia, nililia, na siyo kwa maneno yako. Maneno yako yalikuwa ya mtu anayetetea chake, hayo hapa kituoni hatuyasikii, na nikiwa njiani niliyarudia peke yangu kwa raha. Nililia kwa wivu, nikuambie ukweli. Ndiyo maana sikuweza kufungua mdomo. Miaka yote hii nimeitwa mama na watoto ambao siwezi kuwahesabu, na wote walikuwa wananitazama usoni wakiniita hivyo, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na nina uji. Nikitoka zamu, anayeingia ndiye mama. Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo kwa ajili yangu nikiwa sipo.

Sisemi amepona. Kesho anaweza kumfuata muuza njugu. Utachoka tena, na majirani itabidi uwarudishe mmoja mmoja, uanze na Bibi Zuhura na tende yake. Afisa akija Ijumaa mweleze kila kitu, na Mombo umweleze, usifiche. Halafu msemeshe mume wako. Alikuwa amekaa kwenye benchi, alisikia yote, na nadhani hilo ndilo jambo jingine ulilomkatiza.

Nilipomwambia twende, Zakia aliviacha vifuniko vyake chini. Akanitazama, akatazama barabara, basi lilikuwa linapita. Akageuka kutazama mlango wa jiko, na wewe hukuonekana. Akaniambia, wala si kwa kunong'ona, kwa sauti ya mtoto yeyote wa watu:

"Ngoja kwanza nikamuulize mama."

Ndipo wewe ukatokea na mwiko.

Evelina